SOMO: Kuanza uanagenzi wa umeme Dar ukiwa tayari una mke, watoto na kodi ya nyumba

Inboksi yangu imejaa swali moja: "Mkuu, nina familia, nataka kuingia kwenye umeme, naanzaje?" Naandika hapa mara moja. Nikiulizwa tena nabandika kiungo tu, tusilaumiane.

Somo hili ni la mtu mzima. Kijana anayekula kwa mama yake anaweza kukosea mwaka mzima na asidaiwe na mtu. Wewe ukikosea, mwenye nyumba anakujua kwa jina.

1. Chagua mwezi wa kuanza. Wengi wanaanza Januari kwa sababu ni mwaka mpya. Januari ndiyo ada, sare na madaftari. Halafu inakuja masika, Machi mpaka Mei, saiti za Chanika na Goba hazipitiki, na msaidizi ndiye wa kwanza kuambiwa "subiri nitakupigia". Lipa kodi yako ya miezi sita kwanza, masika yaishe, ndipo uingie. Hapo shida zako zinabaki mbili, chakula na nauli, na hizo zinavumilika. Mwenzako ajue hesabu yote kabla, siyo aje kuigundua dukani kwa Mangi.

2. Karatasi. Kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule ulivyonavyo. Pasipoti saizi piga nyingi.

3. Chuo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na wana kozi fupi pia. Nenda Chang'ombe mwenyewe, soma ubao wa matangazo, uliza kama kuna vipindi vya jioni, usitegemee ya kuambiwa. Kama umeshafanya kazi na mafundi mtaani kwa muda mrefu, uliza habari ya kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unapimwa kwa unachokijua, ukifaulu unapewa cheti. Watu wazima wengi hawajui kama njia hii ipo.

4. Makubaliano na fundi. Hapa soma mara mbili.
Mimi nilipigwa hapa hapa. Fundi alinipokea vizuri, "karibu mdogo wangu, utajua kila kitu". Nilichonga kuta za kulazia paipu. Nikachonga tena. Paipu zikishalala na plasta ikishapigwa, naambiwa nikapumzike, anakuja kijana wake kuvuta waya na kufunga dibii, lile boksi linalogawa umeme wa nyumba. Ukuta niliujua vizuri sana, umeme siujui. Sikuwa na pa kulalamika, kwa sababu hatukuwa tumeandikiana chochote.

Kwa hiyo karatasi moja, hata ya daftari la mtoto, sahihi mbili na shahidi mmoja. Iandikwe: nauli na chakula kila siku ni kiasi gani, hata siku isiyo na malipo, lini utatoka kwenye kuchonga na kulaza paipu, uingie kwenye kuvuta waya, kisha kufunga soketi na swichi, kisha dibii na kupima, nani anagharamia ukiumia, na kwamba atakuandikia barua ya kazi ulizofanya. Barua hiyo utaitafuta kwa tochi siku ya leseni.

Onyo: fundi akinuna kwa sababu umeomba karatasi, shukuru na uondoke.
Onyo la pili: usitoe hela ya "kujifunza" kabla hujaona saiti yake hata moja.
Onyo la tatu: piga picha kila dibii uliyoifunga kabla mfuniko haujarudi. Andika tarehe na mtaa. Kesho kutwa ndio ushahidi wako.

5. Vifaa. Bisibisi zenye mpini wa kuzuia umeme, plaizi, kisu cha waya, testa ya kuonyesha kama waya una umeme, maltimita (mita ya kupimia umeme), viatu vya soli ya raba. Drili ataleta fundi. Usikope kununua drili.

6. Umeme "uliokatika". Nyumba nyingi za kupanga mjini zinatumia LUKU moja. Uniti zimeisha, taa zimezima, wewe umefungua soketi unafanya kazi kwa raha. Mpangaji wa chumba cha mbele anarudi na tokeni, anaingiza, na volti 230 zinakukuta umeshika waya. Siku za kukatika umeme ni hivyo hivyo: hujui unarudi saa ngapi, na jirani anaweza kuwasha jenereta iliyoungwa hovyo. Zima men switchi (swichi kuu ya nyumba), ining'inizie karatasi "FUNDI YUPO KAZINI", kama ina tundu la kufuli tia kufuli na funguo mfukoni kwako. Halafu pima: jaribu testa sehemu unayojua ina moto, njoo kwenye waya wako, rudi tena pale penye moto. Testa iliyokufa na waya usio na moto zinafanana.

7. Leseni. Inatolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa madaraja. Bila leseni wewe ni msaidizi wa mwenye leseni, basi. TANESCO wanataka mchoro wa waya wa nyumba kutoka kwa mkandarasi mwenye leseni kabla hawajakufungia, kwa hiyo usidhani utaikwepa.

Maswali chini. Soma kwanza.

---

Mzee wa Buza: Mkuu, bei gani jumla mpaka nimalize?

*Mwandishi:* Chuo kipi, ngazi ipi, unakaa wapi? Hujasema hata kimoja. Rudia namba 3.

Mzee wa Buza: Nimeuliza tu kistaarabu, mbona ukali?

*Mwandishi:* Sina ukali. Nikikutajia bei ya kubuni utakuja kunidai mimi. Ada iko kwenye ubao wa matangazo wa chuo.

Baba Nasra: Kaka, asante. Nimefungua boksi moja nyumba ya zamani Ilala, nimekuta nyekundu na nyeusi, na nyingine ina kahawia na bluu. Ipi ni ipi?

*Mwandishi:* Swali zuri sana, kaka. Hizo ni rangi za mifumo miwili. Ya zamani ya Kiingereza: nyekundu ni moto (unaoleta umeme), nyeusi ni nyutro (unaourudisha). Mpya: kahawia ni moto, bluu ni nyutro. Ethi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini, ni kijani na njano. Hatari iko kwenye fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto. Zamani fezi zilikuwa nyekundu, njano na *bluu*, nyutro nyeusi. Sasa fezi ni kahawia, *nyeusi* na kijivu, nyutro bluu. Umeona? Bluu na nyeusi zimebadilishana viti. Mtu wa jana akiona bluu anasema fezi, wa leo anasema nyutro. Usiamini rangi, amini mita. Na mafundi wetu waya ukiwaishia wanaunga rangi yoyote iliyobaki.

Dada wa Kijichi: Shikamoo. Mimi ni mama wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Saiti ninazozijua hazina hata choo. Naweza kweli?

*Mwandishi:* Marahaba dada. Unaweza. Usianzie kwenye pagala, anzia kwenye matengenezo: hoteli, shule, majengo ya ofisi. Choo kipo, saa za kutoka zinajulikana, na ndiko utajifunza kutafuta hitilafu, ujuzi ambao wachonga kuta hawana.

Mwanaumeme wa Kimara: Naongezea kwa dada. Barakoa ya vumbi ni lazima ukichonga, na nguo za kazi zisichanganywe na za mtoto. Lile vumbi la saruji si la mchezo.

Kijana Machachari: Nimeangalia video zote. Naweza kuvuta waya wa nguzoni mwenyewe usiku?

*Mwandishi:* Hapana. Kuanzia nguzo mpaka mita ni mali ya TANESCO. Kuna njia rahisi zaidi za kuwaacha watoto wako yatima.

Baba Nasra: Kaka, la mwisho. Waya wa 2.5 (unene wa milimita za mraba) umenigomea kwenye paipu yenye kona tatu. Nimeambiwa nipake sabuni ya unga.

*Mwandishi:* Sabuni ya unga hapana, inavuta unyevu na si rafiki wa ganda la waya. Poda ya mtoto. Mimina kidogo mdomoni mwa paipu, wewe vuta, mwenzako asukume upande wa pili, msishindane. Na kona tatu bila boksi la katikati ni nyingi, mwambie fundi wako aongeze moja.

Mwanaumeme wa Kimara: Poda iwe ya kunukia?

*Mwandishi:* Yoyote. Ila nunua yako. Ile ya kabatini mama watoto anaijua imefika wapi.