Kufinyanga na kuchoma nakala ya Venus wa Dolní Věstonice

Sanamu yenyewe, umbo dogo la mwanamke aliye uchi, ilipatikana Julai 1925 huko Moravia, katika nchi ya Cheki ya leo, ikiwa vipande viwili ndani ya majivu ya kale. Ina kimo cha milimita 111 na upana wa 43, na ni miongoni mwa vitu vya zamani zaidi vya udongo uliochomwa.

Chukua gramu 250 za udongo wa mfinyanzi, uchanganye na gramu 60 za vigae vilivyotwangwa na kuchekechwa. Usiache vigae: ndivyo vinavyoupa mvuke njia ya kutokea. Udongo wa aina hii husinyaa kama asilimia 8, kwa hiyo finyanga umbo la sentimita 12.

Fanya kazi na donge moja. Matiti yavute kutoka kifuani kwa vidole gumba. Ukiyabandika, yatabanduka motoni. Usoni chora mifuo miwili tu ya mshazari iwe macho. Mdomo hakuna. Utosini toboa vitundu vinne, kitovu kididimize kwa ncha ya kijiti, na miguu itenganishe kwa mfuo mmoja, bila nyayo. Tafadhali usiipambe zaidi ya hapo, wala usiisugue mpaka ing'ae. Kwenye ile ya asili imebaki alama ya kidole cha mtoto, na hakuna kitu kizuri kuliko hicho katika sanamu nzima. Chini ya miguu chora mwaka wa kuitengeneza, udongo ungali mbichi, isije ikauzwa kama kitu cha kale.

Ianike kivulini siku 14, ya kwanza hadi ya nne ikiwa imefunikwa kitambaa. Ipime kila asubuhi. Uzito usipopungua siku mbili mfululizo, imekauka. Wengi husema sanamu hupasuka kwa sababu ya hewa. Mara nyingi ni maji yaliyojificha katikati, mahali penye unene wa sentimita tatu au nne.

Kwanza iweke kando ya moto kwa muda wa saa tatu, ukiigeuza, mpaka iwe moto usioshikika. Ndipo uizungushie makaa, halafu kuni nyembamba. Ikianza kuwa nyekundu ya kufifia gizani, imefika nyuzi 600 hadi 700, na inatosha. Ukitaka weusi, ifunike kwa pumba za mpunga. Usiitoe wala kuimwagia maji: iache ndani ya majivu hadi kesho yake.