Bosi akikwambia umimine kemikali, omba karatasi yake kwanza
Jamani ukipewa dumu halina lebo ukaambiwa we mimina tu, usiguse. Omba karatasi ya usalama ya hiyo kemikali, ina sehemu 16, kimbilia ya 8 inayosema glavu na miwani gani, maana vile viglavu vyembamba kuna kemikali zinapenya humo humo hujui mpaka ngozi imeanza kuwasha. Akikomaa, mtumie meseji, "kazi nafanya ila nahitaji vifaa", dumu lipige picha. Mkataba wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) namba 155 wa 1981, kwa nchi zilizouridhia, unamlinda anayejitoa kwenye hatari kubwa ya papo hapo akiwa na sababu ya msingi, ila toa taarifa hapo hapo usiondoke kimya. Na hivyo vifaa vya kinga hulipii wewe.