Gati lenye boya, kamba na ngazi: namna ya kuandaa sehemu ya uokoaji

Ukitaka kujua kama gati lako liko salama, usilikague maji yakiwa yamejaa. Nenda siku ya bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, yakiwa yamekupwa mpaka mwisho, simama ukingoni na uangalie chini. Mtu akidondoka hapa sasa hivi, atapandia wapi?

Kazi yangu ni kufunga vifaa vya uokoaji kwenye magati na madiko ya Dar es Salaam, na kuwafundisha wanaoshinda hapo kuvitumia. Nawaandikia kamati za BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufukwe), wenye boti za kwenda visiwa vya Bongoyo na Mbudya, wasimamizi wa vivuko, na yeyote mwenye kijigati chake huko Msasani, Kunduchi au Kigamboni. Ajali za vyombo vikubwa tunazikumbuka wote: MV Bukoba 1996, Spice Islander 2011, Skagit 2012. MV Nyerere yenyewe, Septemba 2018, ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa gati la Ukara. Lakini abiria mmoja anayeteleza jioni akishuka kwenye boti hatangazwi popote, na huyo ndiye unayeweza kumwokoa kwa vifaa vya bei ya kawaida.

Kabla ya kutoboa tundu lolote, pata ruhusa ya mwenye eneo. Kwenye vivuko vya Magogoni na Kigamboni ni TEMESA, wakala wa serikali anayeendesha vivuko, ndani ya bandari ni Mamlaka ya Bandari, sokoni ni halmashauri. Pitia na kwa serikali ya mtaa. Barua moja inatosha kuanzia.

Hatua ya 1: Pima kwa maji ya kupwa

Hapa kwetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Maana yake gati ambalo asubuhi mtu angeweza kulishika kwa mkono akiwa majini, mchana limekuwa ukuta wa ghorofa moja. Watu wengi wanapima siku ya maji mafu, ambapo tofauti hiyo ni ndogo, wanapata kipimo kizuri, wananunua ngazi fupi.

Chukua kamba, funga jiwe, ishushe kutoka ukingoni mpaka iguse maji siku ya bamvua maji yamekupwa. Weka alama, pima kwa futi kamba. Andika namba hiyo mahali, maana kila kitu kinachofuata kinatokana nayo. Angalia pia mkondo unaelekea wapi maji yanapokupwa. Pale mlangoni mwa bandari, kati ya Magogoni na Kigamboni, mkondo una nguvu, na mtu aliyedondoka hatakusubiri ulipomwona.

Hatua ya 2: Ngazi kwanza, boya baadaye

Wafadhili wanapenda kununua maboya kwa sababu yana rangi nzuri kwenye picha. Mimi nikiwa na hela ya kitu kimoja tu, nanunua ngazi. Boya linamweka mtu juu ya maji, ila halimtoi. Nimeona gati ambalo boya lipo na kamba ipo, na bado mtu aliyeokolewa alining'inia kwenye matairi ya kukinga boti huku wanaume wanne wakihangaika kumvuta juu. Matairi yale ni hatari kuliko yanavyoonekana: mtu anayashika kwa sababu ndicho kitu pekee kilichopo, halafu boti inasukumwa na wimbi na kumbana ukutani.

Mwambie fundi wa kuchomelea atumie bomba la chuma lililopigwa zinki. Ngazi ishuke angalau mita 1 chini ya ile alama yako ya maji ya kupwa, kwa sababu mtu aliyechoka hawezi kuinua mguu mpaka kwenye kidato kilicho usawa wa kifua. Nafasi kati ya vidato iwe kama sentimita 30. Juu, mikono ya ngazi ipite usawa wa gati na kukunjwa kuelekea ndani, apate pa kushika anapomalizia. Ipake njano. Kwenye gati refu weka zaidi ya moja, na usiiweke pale boti zinapofunga.

Kisha kuna chaza. Baada ya miezi michache vidato vya chini vitajaa chaza wenye makali kama wembe, na mtu mwenye miguu mitupu ataogopa kukanyaga. Wakwangue kila mwezi, siku ya maji ya kupwa.

Hatua ya 3: Chagua boya na kamba

Boya okozi lenye viwango vya kimataifa vya meli lina kipenyo cha nje kisichozidi sentimita 80, uzito usiopungua kilo 2.5, na uwezo wa kubeba kilo 14.5 za chuma majini kwa saa 24. Lina kamba ya kushikia inayolizunguka, iliyofungwa sehemu nne, na vipande vinavyong'aa likimulikwa tochi. Yale maringi ya kupuliza yanayouzwa ufukweni siyo boya okozi. Tyubu ya gari pia siyo: upepo wa kusi unaipeperusha kabla mtu hajaifikia.

Kamba ndiyo inayoharibu kazi. Ukiingia duka la vifaa vya uvuvi ukasema unataka kamba ya manila, utapewa yoyote. Kuna inayoelea na inayozama. Polipropilini inaelea, nailoni inazama, katani inanyonya maji kisha inazama. Usibishane na muuzaji. Omba akate kipande cha kidole kimoja, kitie kwenye kikombe cha maji palepale dukani. Kikizama, rudisha. Kamba inayozama inakwenda kujisokota kwenye propela, na aliye majini haioni.

Unene usipungue milimita 8, nyembamba kuliko hapo inakata viganja ukivuta mtu mzima. Urefu: meli hutumia mara mbili ya kimo cha pale boya linapotundikwa kutoka majini, au mita 30, ipi ndefu zaidi. Kwa magati yetu mita 30 ndiyo jibu karibu kila mahali.

Ncha moja ifungwe kwenye boya kwa fundo lisiloteleza, lile ambalo kila baharia analijua. Ncha nyingine ifungwe kwenye nguzo ya stendi, daima. Kamba yenyewe usiiviringishe kwenye msumari. Itie kidogo kidogo ndani ya ndoo iliyotobolewa chini, ikidondoka yenyewe bila kupangwa. Kamba iliyoviringishwa vizuri kwa macho ndiyo inayofanya fundo hewani. Iliyotupiwa kwenye ndoo inatoka yote.

Hamna hela ya boya? Dumu la mafuta la lita 20, kifuniko kimekazwa, limefungwa kamba kwenye mpini. Tia maji kama lita moja ndani yake, liwe na uzito wa kurushika, vinginevyo upepo utalirudisha miguuni kwako. Hata dumu la lita 5 linatoa msaada wa karibu kilo 5, na hizo zinatosha kuweka mdomo wa mtu mzima juu ya maji akilikumbatia kifuani. Usiseme mtaanza mkipata mfadhili.

Hatua ya 4: Mahali pa kuliweka

Nafahamu gati moja la abiria ambako boya lilikuwa limefungiwa ofisini kwa kofuli, na mwenye ufunguo alikuwa anakwenda kula saa saba. Waliniambia ni kwa sababu ya wizi. Wizi upo kweli, lakini kofuli siyo dawa yake. Andika jina la gati kwa rangi kubwa pande zote mbili, boya likose soko. Halafu tafuta mtu ambaye yupo hapo kuanzia alfajiri: mama ntilie, muuza kahawa, fundi wa mashine za boti. Mkabidhi jina la mlinzi wa boya, na mchangieni kidogo kila mwezi. Kwenye diko moja mama anayeuza chapati ndiye anayeangalia kamba kila asubuhi akiwasha jiko, na sijasikia boya lake limeguswa.

Stendi iwe kwenye njia ya watu, kimo cha kifua, bila mlango. Karibu yake simamisha upondo (mti mrefu wa kusukumia mtumbwi) au mwanzi mkavu wa mita 4 au 5 wenye kitanzi cha kamba nchani. Kwa aliyedondoka karibu na ukuta upondo ni haraka kuliko boya. Taa ya sola juu yake, basi.

Hatua ya 5: Bango

Fupi. Jina la mahali kwa herufi kubwa, kwa sababu abiria aliyetoka Dodoma jana hajui aseme yuko wapi. Namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji, na 112 ya Polisi. Wenye redio ya VHF watumie chaneli 16. Kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji baharini kipo hapahapa Dar es Salaam, chini ya TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini.

Hatua ya 6: Fundisha watu macho na mikono

Methali inasema mfa maji hukamata maji, na wengi wanangoja kuona mtu akipiga kelele na kurusharusha mikono. Mara nyingi hapigi kelele hata kidogo. Mdomo unazama na kuibuka, anavuta pumzi tu, hana nafasi ya kuita. Mwili umesimama wima, mikono inasukuma maji chini pembeni, kichwa kimelala nyuma. Akiwa hivyo ana chini ya dakika moja, na kwa mbali anaonekana kama mtu anayecheza. Kwa watoto wanaoogelea gatini wakitoka shule, anayenyamaza ghafla ndiye wa kuangaliwa.

Methali ina ukweli mwingine: atakamata chochote, na wewe ukiwa jirani atakukamata wewe. Ndiyo maana utaratibu ni huu. Kwanza mpe upondo ukiwa umelala kifudifudi ukingoni. Akiwa mbali, rusha boya. Akiwa mbali zaidi, nenda na mtumbwi, umevaa jaketi okozi, na ukimkaribia zima mashine. Kuruka majini ni kwa aliyefunzwa, naye awe na kitu cha kuelea mkononi.

Kurusha kunahitaji mazoezi. Rusha kwa mkono wa chini, ukilenga boya limpite kidogo, upande unaotoka mkondo au upepo, kisha vuta kamba mpaka imguse. Ukimlenga yeye mwenyewe kutoka gati la mita 4, kilo 2.5 zinaweza kumpiga kichwani. Mwite kwa sauti moja fupi: "Kaka, shika boya! Kumbatia!" Kumi wakipiga kelele kwa pamoja hasikii kitu. Mteue mmoja wa kuita, mmoja wa kupiga 114, mmoja asitoe macho yake kwa aliye majini.

Hatua ya 7: Akishatolewa

Acheni kumpindua kichwa chini na kumkamua tumbo. Matapishi yanaingia kwenye mapafu na dakika zinapotea. Mlaze chali pagumu. Kama hapumui, inua kidevu, ziba pua, mpe pumzi 5, kwa sababu aliyezama kakosa hewa kwanza. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, kina cha sentimita 5 mpaka 6 kwa mtu mzima, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, halafu pumzi 2. Endelea hivyo, mkipokezana, mpaka apumue au wahudumu wafike. Akipumua lakini hajitambui, mlaze ubavu. Akizinduka na kusema yuko sawa, bado apelekwe hospitali. Mapafu yaliyoingia maji yanaweza kumzidia saa chache baadaye.

Hatua ya 8: Ukaguzi

Kila wiki mlinzi wa boya avute kamba yote nje ya ndoo na kuirudisha. Kila bamvua mmoja ashuke ngazi mpaka kidato cha mwisho na kupanda tena. Kila baada ya miezi mitatu rusheni boya kweli, mbele ya manahodha na wabeba mizigo, kila mtu mara yake. Polipropilini inaliwa na jua letu: ikianza kutoa unga mweupe mkononi au nyuzi zikikatika ukizikunja, badilisha, hata kama haijawahi kutumika. Ya zamani mpe mama ntilie, itamfaa kuanikia nguo.