Fuvu la ng'ombe la kutundika ukutani: mafuta kwanza, weupe baadaye

Mafuvu meupe ya jangwa la New Mexico, Marekani, kama yale aliyoyachora msanii Georgia O'Keeffe mwaka 1931, yalisafishwa na jua na ukame. Fuvu la machinjioni linahitaji pipa, sabuni na subira.

1. Chukua la machinjioni. Mzoga uliookotwa porini huenda ulikufa kwa kimeta, na vimelea vyake hudumu miaka mingi. Fuvu la mnyamapori usiguse: Kenya na Tanzania hiyo ni nyara, na kuwa nayo bila kibali ni kosa.

2. Chuna, toa ubongo, lowesha kwenye maji ya kawaida, mbali na nyumba. Usichemshe, mafuta huzama ndani ya mfupa. Kila wiki badilisha nusu ya maji tu, maana bakteria ndio wanaokula nyama. Magamba ya pembe (ganda la nje linalofunika mfupa wa pembe) yakilegea, yazungushe yatoke, uyatie alama ya kulia na kushoto.

3. Mafuta. Hapa ndipo wengi huharibu kazi. Fuvu likionekana safi hukimbilia kulipausha, kisha baada ya miezi madoa ya manjano yanachomoza kwenye taya na nyuma ya macho, vumbi linanata. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na ubadilishe yakichafuka au yakifanya utando juu. Wiki kadhaa ni kawaida, miezi si ajabu. Ili kupima, likaushe kivulini kwa siku kadhaa: sehemu inayobaki nyeusi-nyeusi au inayong'aa kama karatasi ya maandazi bado ina mafuta. Rudisha pipani. Petroli usiitumie, ni hatari ya moto bure.

4. Pausha kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa, siku moja hadi tatu. Vaa glavu, na chombo usikifunge kabisa, gesi inahitaji njia. Magamba ya pembe yasiingie humo, yatapauka. Dawa ya klorini ya kufulia sipendekezi kabisa: inaendelea kuula mfupa hata baada ya kusuuza, hadi unakuwa chaki.

5. Kausha kivulini. Gundisha meno yaliyolegea kwa gundi ya mbao, pembe kwa epoksi. Vanishi ya kung'aa huwa ya manjano juani; iache.

6. Pitisha waya mnene kwenye tundu la uti wa mgongo, tundika kwenye skrubu iliyoshika ukuta vizuri. Pembe zikiwepo, uzito unavuta mbele, kwa hiyo weka skrubu ya pili chini ya taya la juu.