Jinsi ya Kufunga Amplifaya Ndogo ya Stereo kwa Spika za Mezani

Amplifaya ndogo za stereo zinazoenea kiganjani ni za daraja D, yaani transista zake huwashwa na kuzimwa mara mamia ya maelfu kwa sekunde, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya umeme hufika kwenye spika badala ya kupotea kama joto. Nyingi kati ya zile za bei nafuu zimejengwa juu ya chipu ya TPA3116D2 ya kampuni ya Texas Instruments, nami nitaichukua hiyo kuwa mfano. Kwa mtu anayesikiliza akiwa ameketi mbele ya kompyuta, chipu hii inatosha kabisa. Kinachoharibu sauti mara nyingi ni adapta dhaifu na mahali spika zilipowekwa, na ndiyo maana hatua hizo mbili nimezieleza kwa urefu zaidi.

Hatua ya 1: Kagua spika

Tumia spika zisizo na amplifaya ndani yake. Ukitazama nyuma utaona vishikizo viwili vya waya, chekundu na cheusi, pamoja na maandishi ya 4, 6 au 8 yenye alama ya Ω, yaani omu. Spika yenye waya wa kuchomeka kwenye umeme wa ukutani, kama lilivyo boksi kuu la sabufa, tayari ina amplifaya yake na haifai kuunganishwa hapa.

Hatua ya 2: Chagua adapta

TPA3116D2 hufanya kazi kati ya volti 4.5 na 26, na volti unazoipa ndizo zinazoamua wati utakazopata. Hesabu ni rahisi: zidisha volti kwa volti, kisha gawanya kwa omu za spika mara mbili. Ukitumia adapta ya volti 19 na spika za omu 8, 19 mara 19 ni 361, na ukigawanya kwa 16 unapata wati 22 na ushei kwa kila spika; baada ya kinachopotea njiani, hesabu kama 20. Kwa volti 12, spika zilezile hupata wati 8 au 9 tu.

Usivutwe na namba kubwa za kwenye boksi. Amplifaya iliyoandikwa wati 100 kwa kila upande, ikiwa inakuja na adapta ya volti 24 na ampea 4.5, haiwezi kutimiza ahadi hiyo, kwa kuwa 24 mara 4.5 ni wati 108 kwa pande zote mbili kwa pamoja. Wala huzihitaji wati hizo. Spika yenye kiwango cha desibeli 86 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1 hutoa desibeli 92 kwa wati 4, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri kutozidi desibeli 80 kwa saa 40 za wiki. Kuongeza wati maradufu huleta desibeli 3 tu.

Adapta ya kompyuta mpakato ya volti 19 na wati 65 inafaa sana, na mafundi wengi wanazo zilizotumika. Kabla ya kuichomeka, hakikisha kwa multimita, yaani kipimo cha umeme, kwamba pini ya katikati ni chanya, na kwamba kipenyo cha plagi kinalingana na tundu la amplifaya.

Hatua ya 3: Funga waya za spika

Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba unatosha kwa umbali wa mezani. Menya ganda la waya kama sentimita 1, sokota nyuzi zake vizuri ili usibaki hata uzi mmoja unaoweza kugusa kishikizo cha jirani na kuleta shoti, kisha unganisha chekundu kwa chekundu na cheusi kwa cheusi.

Hapa kuna jambo ninalosisitiza kwa kila ninayemfungia. Katika amplifaya hizi, vishikizo vyote viwili vya kila upande hubeba sauti. Kile cheusi si ethi. Kwa hiyo usiunganishe kamwe vyeusi viwili pamoja, wala usiviache viguse bodi la chuma, hata kama amplifaya ya zamani uliyowahi kuitumia iliruhusu hivyo, kwa sababu chipu inaweza kuungua.

Hatua ya 4: Unganisha kompyuta na uwashe

Tumia waya wenye plagi ya milimita 3.5 upande wa kompyuta na plagi mbili za RCA upande wa amplifaya. Washa kompyuta kwanza na amplifaya mwisho, sauti yake ikiwa sifuri. Wakati wa kuzima, anza na amplifaya. Weka sauti ya kompyuta kwenye asilimia 80 au 90, halafu ongeza taratibu kwenye amplifaya yenyewe. Ukifanya kinyume, yaani kompyuta chini na amplifaya juu, utakuza pia mvumo wa kompyuta.

Sasa cheza sauti ya mtu anayezungumza. Inapaswa kusikika kutoka katikati ya spika mbili. Ikitawanyika bila mahali maalumu na besi ikawa imepungua, upande mmoja umefungwa kinyume.

Hatua ya 5: Panga spika

Wewe na spika mbili mfanye pembetatu yenye pande sawa: zikiwa mita 1 kutoka spika moja hadi nyingine, kichwa chako nacho kiwe mita 1 kutoka kila moja. Twita, yaani ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ielekee masikioni. Kwa kuwa meza huwa chini, inamisha spika kwa nyuma kidogo. Zisogeze hadi ukingo wa mbele wa meza, maana uso wa meza hurudisha sauti na kuitia ukungu. Zenye tundu la besi nyuma ziache nafasi kutoka ukutani, la sivyo besi itavimba. Vipande vya soli ya kandambili chini ya kila spika huzuia meza isitetemeke, navyo ninavipenda kuliko sponji laini kwa sababu havibonyei.

Kukiwa na mvumo

Chomoa chaja ya kompyuta mpakato. Mvumo ukikoma, chanzo ni njia mbili za ethi zinazokutana kupitia waya wa sauti. Chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja. Ukiendelea, weka transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye waya wa sauti, au tumia Bluetooth. Usikate pini ya ethi, kwa kuwa ndiyo inayokulinda usipigwe na umeme.

Kutumia betri

Umeme ukikatika, au ukiwa safarini, betri ya sola ya volti 12 inaiendesha amplifaya hii moja kwa moja bila inveta. Weka fyuzi ya ampea 5 kwenye waya chanya, karibu na betri, na uhakikishe chanya na hasi kabla ya kuchomeka.