Kreta ya kimondo kwa nyundo na jiofoni: jifunzie Mwanza

Wanafunzi wangu huuliza kwa nini tufanyie mazoezi Mwanza, ambako hakuna kreta, yaani shimo kubwa linaloachwa na kimondo kikigonga ardhi. Jibu langu: tuna graniti tele. Usipojua mitetemo inavyopita kwenye graniti nzima, hutaitambua iliyovunjwa na kimondo.

Tafuta ufuo tambarare, mbali na barabara. Nenda asubuhi, mitumbwi ya dagaa ikishashusha mzigo na upepo wa ziwa haujachangamka, maana miti ikitikisika jiofoni, vifaa vidogo vya kupokea mitetemo ya ardhi, zinasikia. Tandaza kebo kwa mstari ulionyooka, jiofoni moja kila mita 5. Hapa usiharakishe hata kidogo. Msumari wa jiofoni uzame wote na usimame wima. Kwenye mchanga mkavu fukua kwanza hadi ukute unyevu, ndipo uchomeke. Jiofoni inayoyumba inakudanganya siku nzima.

Laza bamba la chuma, ligonge kwa nyundo ya kilo 8 mara kadhaa palepale. Kompyuta itajumlisha mapigo: mtetemo wako unajirudia, kelele hazijirudii, kwa hiyo zinafifia. Gonga ncha zote mbili na katikati.

Kisha soma muda wa wimbi la kwanza kufika kila jiofoni, uchore grafu ya muda na umbali. Mchanga mkavu hupitisha mita mia chache kwa sekunde, graniti nzima 5,000 na zaidi. Jiwe lilelile likionyesha kasi ndogo, limepasuka. Lakini jua na mvua navyo huozesha mwamba wa juu, hivyo angalia udogo huo wa kasi unashuka hadi wapi. Kwenye kreta kubwa hushuka mamia ya mita, kina ambacho nyundo haifiki.

Kreta ikiwa chini ya maji, badala ya nyundo tumia bunduki ya hewa, inayofyatua hewa iliyoshindiliwa majini, na haidrofoni, yaani vipokea-sauti vya majini, zinazokokotwa mbali na injini. Ndivyo watafiti walivyofanya Ziwa Bosumtwi, Ghana, kreta ya kilomita 10.5 yenye umri wa miaka kama milioni 1.07. Chini ya tope picha ilionyesha kilima cha katikati, yaani mwamba wa chini ulioinuka baada ya pigo. Mwaka 2004 wakachimba.

Hata ukiona kilima kama hicho, usitangaze kreta. Peleka sampuli za mwamba maabara, zitafutwe chini ya hadubini chembe za kwatzi, madini yaliyomo kwenye graniti, zenye mistari ya mshtuko wa pigo la kimondo. Volkano haiachi mistari hiyo.