Ukitunga mapenzi ya theluji nawe uko Wete

Nyinyi mnaotunga hadithi za mapenzi za nchi za baridi, zile za jini wa barafu na msichana asiye na kwao, msianze na theluji. Sisi huku Pemba baridi yetu ni ya kipupwe, Juni hadi Agosti, kanga ya pili begani basi. Nenda kwa wauza samaki, omba kipande cha barafu, kishike huku unahesabu mpaka thelathini. Kwanza vidole vinauma, kisha vinachoma kama umeshika kaa la moto, mwisho vinakufa ganzi. Hapo ndipo pa kuandika. Mgeni asimwambie mgeni mwenzake "nakupenda". Amfumbatie vidole mpaka damu irudi. Na ikirudi inauma kweli kweli (wengi hulisahau hilo, joto lao huja tamu tupu).

Tena, theluji iliyoanguka karibuni hunyonya sauti. Wapweke wawili hawatasikiana kwa mbali. Atashtukia tu mwenzake keshafika, pumzi inamfuka kama mvuke wa chai.

Na jini wenu, tafadhali, asivae kanzu nyeupe. Tumechoka.